Sauti ya Jumamosi Saa Kumi: Mama Dancille Umuhire, 1951–2023

Mapadri wetu, wazee, ndugu wa Jomba na ndugu wa Butembo, majirani wa Majengo, wafanyakazi wa Radio Mapatano, na ninyi nyote mliotembea juu ya mawe ya volkano kufika hapa makaburini Makao leo Ijumaa, tarehe 18 Agosti 2023: asanteni. Ninayesoma ni Hilaire Havugimana, mdogo wake marehemu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Dada yangu aliandika na kusoma maisha ya wafu wa mji huu kwa miaka mingi, na hakupenda maneno ya kupamba. Kwa hiyo tarehe nimezihakikisha, na sifa nilizoweka ni zile ambazo mtu alizishuhudia kwa macho yake.

Mama Dancille Umuhire alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951 huko Jomba, katika Rutshuru. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto sita wa Papa Nsanzimana, katekista na mkulima wa maharage, na Mama Emerance. Kila tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, baba yetu alisimama kanisani na kusoma majina ya waliokufa mwaka huo. Alisoma majina matupu, moja baada ya jingine. Mwaka 1959, Dancille akiwa na miaka minane, baba alisoma, "Stefania," na kabla hajafika jina la pili sauti ya mtoto ilitoka upande wa wanawake: "Baba, sema alikuwa anafinyanga vyungu!" Watu waligeuka. Mama Emerance alimfinya sikio. Baba aliendelea kusoma kana kwamba hakusikia kitu. Lakini mwaka uliofuata, walioketi mbele waliona kwamba kando ya kila jina ameandika jambo, na alisoma hivi: "Yosefu, fundi wa mizinga ya nyuki. Veronika, aliyewazalisha wanawake wa kilima chote." Tangu siku hiyo kanisa la Jomba halikusoma tena majina matupu, hadi baba yetu alipoacha kazi.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Jomba mwaka 1957, kisha akapelekwa sekondari kwa masista Rutshuru. Vurugu za 1964 zilifunga shule, naye akarudi nyumbani kulima kwa miaka miwili. Jioni, baada ya shamba, alitukusanya sisi wadogo zake akatufundisha kusoma na kuhesabu kwa punje za maharage. Aliyekosea, punje zake zilirudishwa ghalani, na chungu kikienda motoni pungufu sote tulimtazama aliyekosea. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na nane, na sijapata njia iliyo bora kuliko ile. Shule zilipofunguliwa alirudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake, na Julai 1972 alipata diploma ya serikali katika ualimu. Septemba mwaka huo huo alikuja Goma kufundisha darasa la tatu katika shule moja ya Murara.

Kazi iliyomfanya ajulikane ilianza kwa msiba. Jumatatu tarehe 10 Januari 1977 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na moto ukashuka kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mwalimu mwenzake, Télesphore, alikuwa ameomba ruhusa kwenda kuwaona wazazi wake huko juu, mlimani. Hakurudi. Siku zilizofuata watu walitajiwa idadi ya waliokufa, na idadi yenyewe ilibadilika kila mara. Dancille alikasirika. Aliandika kurasa mbili, akazisoma mbele ya wanafunzi wote wamepanga mistari uwanjani: kwamba mwalimu Télesphore alikata kalamu za risasi vipande viwili ili kila mtoto awe na yake, kwamba aliimba sauti ya chini katika kwaya na hakuweza kabisa kuimba ya juu, kwamba alichelewa kila Jumatatu na kila Jumatatu alikuwa na sababu mpya. Watoto walicheka, kisha wakalia. Mmoja wa wazazi aliyekuwa amesimama kwenye uzio alimfuata baadaye akamwambia, "Mwalimu, mama yangu amekufa juzi. Uniandikie na yeye."

Kuanzia hapo wakaja wengi. Aliwaandikia bila kukataa mtu, baada ya saa za shule, katika makaye, yale madaftari ya wanafunzi yaliyobaki na kurasa nyeupe.

Ndivyo pia alivyopata mume. Mwaka 1978 alifika kwake mfanyabiashara kijana wa Butembo, Adalbert Kambale, aliyekuwa anapakia maharage na chumvi kwenye lori kati ya Goma na kwao. Mama yake alikuwa amefariki, naye alitaka karatasi ya Kifaransa yenye maneno mazito. Dancille alimuuliza, "Mama yako alipenda kula nini?"

Adalbert akasema, "Sijui. Alikuwa anatupa sisi kwanza."

"Basi nenda uulize."

Wengine wangeenda kutafuta mwandishi mwingine. Adalbert alirudi Butembo, siku mbili za barabara mbaya, akawauliza shangazi zake, akarudi siku mbili nyingine. Alisimama mlangoni akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akasema, "Viazi vitamu vya kuchoma, lakini vikiwa vimepoa. Alikuwa anavificha kabatini, anakula peke yake mangaribi." Dada yangu alitusimulia mara nyingi kwamba aliandika sentensi hiyo na huku akifikiri: mwanamume anayesafiri siku nne ili asikosee jambo dogo juu ya mama yake, huyu anafaa kunioa.

Haikuwa rahisi. Familia yetu ilitaka ng'ombe, familia ya Butembo ilizoea kuleta mbuzi, na wazee walijadiliana miezi mitano hadi wakakubaliana ng'ombe wawili na mbuzi wanane. Ndoa ilibarikiwa Goma, Jumamosi tarehe 22 Desemba 1979. Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kwanza wao akiwa Élodie aliyeketi hapa mbele. Nyumbani kwao Murara kulisemwa Kinyarwanda, Kinande na Kiswahili katika chakula kimoja, na mgeni alipaswa kujitafutia njia.

Jumamosi tarehe 5 Juni 1993, saa kumi kamili, sauti yake ilisikika kwa mara ya kwanza kwenye Radio Mapatano, katika kipindi alichokiita Walipita Kwetu. Dakika ishirini na tano, maisha ya mtu mmoja aliyefariki. Alisoma profesa, akasoma nahodha wa boti ya Bukavu. Alisoma mpiga gitaa, jaji, fundi wa tshukudu, baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, kocha wa timu ya wasichana, na mzee aliyepanda Nyiragongo mara mia mbili kuwabebea wataalamu vyombo vyao vya kupimia. Bwana mmoja mkubwa alitaka baba yake apewe Jumamosi mbili. Dada yangu alimjibu kwa heshima kwamba nahodha alipata moja, na ziwa ni refu kuliko ofisi.

Kila familia aliiuliza swali lile lile: "Alikuwa na kosa gani?" Wengi walishtuka. Walisema, "Mama, mutu amekufa, unatafuta makosa yake?" Naye akajibu, "Nikisoma mutu bila kosa, majirani watasema nimesoma mutu mwingine." Na kweli, watu walipenda sehemu hiyo kuliko zote. Mjane mmoja aliniambia kwamba alisikia redioni jinsi marehemu mumewe alivyokuwa anakoroma, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Julai 1994, kolera ilipoua watu wengi kando ya barabara zetu, hakukuwa na namna ya kusoma maisha ya kila mmoja. Kwa wiki saba alisoma majina peke yake, yale ambayo ndugu waliweza kumletea, hadi muda ukaisha. Alimwambia mumewe kwamba amekuwa kama baba kanisani, kabla ya Stefania.

Sasa ninafika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini yeye asingeruka. Katika miaka ile ya vita watu wa Kivu walianza kupimana kwa makabila, na mimi nilipimana na wengine. Nyumba yangu ya Masisi ilikuwa imechomwa, nami nilikuwa na uchungu nisiojua pa kuuweka. Mwezi Agosti 1998, uasi ulipoanza tena, nilikwenda kwa dada yangu Murara nikawakuta wanakula. Nilimwambia, mbele ya mume wake na watoto, kwamba wakati huu kila mtu arudi kwa watu wake.

Adalbert aliweka chini tonge lake. Dancille hakupandisha sauti. Alisema, "Watu wangu ndio hawa wanakula bugali hapa mezani. Kama na wewe uko mutu wangu, kaa ule. Kama hapana, mulango ni ule."

Nilitoka. Miaka mitatu na miezi mitano sikusema naye. Nilimsikiliza redioni kila Jumamosi, mlango wangu nikiwa nimeufunga ili majirani wasijue.

Kwa hiyo yaliyotokea mwaka 1999 niliyasikia kama ninyi mlivyoyasikia. Jumanne tarehe 5 Oktoba, muuguzi Nshobole, ambaye alikuwa anatibu majeruhi wa pande zote bila kuuliza wametoka wapi, alipigwa risasi akirudi nyumbani. Mkewe aliomba maisha yake yasomwe. Siku tatu kabla ya kipindi, ofisa mmoja wa wale waliokuwa wanashika mji alikuja studio na karatasi iliyopigwa chapa. Fundi wa mitambo alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia mazungumzo yao.

"Mama, maisha yake soma yote," ofisa alisema. "Mwisho tu ndio usome hivi: alikufa kwa malaria."

"Wewe ulimuona akiwa na malaria?"

"Mimi niliona karatasi."

"Mimi nilimuona yeye, kwenye chumba cha maiti. Nilikuwa nimeshika mukono wa bibi yake. Malaria haitoboi shati, papa."

"Mama, uko na watoto."

"Niko nao. Ndio watakaosikiliza."

Jumamosi tarehe 16 Oktoba alisoma. Alisoma jinsi Nshobole alivyokuja kutoka upande wa Bukavu na viatu vya kuazima, jinsi alivyoimba akishona vidonda, jinsi alivyokuwa mkali kwa wauguzi wanafunzi hadi wakamwogopa kuliko mgonjwa anayevuja damu. Alipofika mwisho alisema, "Wasikilizaji, niliandikiwa kwamba alikufa kwa malaria. Karatasi hiyo iko hapa mezani, nimeiona, na sitaisoma. Siku ya Jumanne tarehe 5 Oktoba..." Hapo redio ilikatika. Nilibaki nimeinama juu ya kile kisanduku, nikizungusha kitufe kama mjinga.

Walimfunga siku kumi na moja. Kila adhuhuri Adalbert alisimama getini na bakuli la bugali na sombe ya majani ya muhogo. Siku ya kwanza walinzi walikula nusu. Siku ya pili alileta mabakuli mawili, akasema, "Hili ni lenu, lile ni la bibi yangu, tusigombane." Siku ya tano mmoja wa walinzi alimuuliza sombe ile inawekwa mafuta ya mawese ya wapi. Dancille alipoachiwa alikuwa amekonda na kikohozi kimemshika, naye alituma mtu kwa mke wa Nshobole kabla hajaoga, amwambie kwamba kazi haijaisha.

Radio ilibaki imefungwa hadi Machi 2000. Jumamosi ya kwanza baada ya kufunguliwa, saa kumi kamili, alikohoa kidogo, akasema, "Wasikilizaji, tulikuwa tumefika siku ya Jumanne tarehe 5 Oktoba." Na akamaliza: saa, barabara, risasi mbili, na jina la jirani aliyemfunika kwa kitenge chake. Hakuna aliyemgusa tena. Najua watu wazima, wanaume, waliosimama barabarani mbele ya maduka ya redio siku hiyo na kofia zao mkononi. Mimi nilikuwa mmoja wao, na bado sikwenda kumpa mkono.

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka mara ya pili katika maisha yetu. Mchana ule watu walikuwa tayari wanakimbilia Gisenyi, Rwanda. Adalbert alikuwa safarini Butembo na lori. Dancille alimwambia Élodie, aliyekuwa na miaka ishirini na moja, awachukue wadogo zake watangulie mpakani, kisha yeye akakimbilia studio. Kulikuwa na sanduku la bati lenye makaye yake yote, maisha mia nne na tisa. Alilipakia kwenye tshukudu ya jirani, akaanza kulisukuma peke yake.

Kwenye kona ya Murara alimkuta Muzee Mushagalusa, seremala mstaafu, kipofu, ameketi kwenye kiti mbele ya mlango wake. Waliopaswa kumchukua walikuwa wamekimbia. Harufu ya lami inayoungua ilikuwa imeshafika, na mzee alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, akigeuza uso kila upande.

Dada yangu alisimama. Baadaye alisema kwamba hakufikiri kwa muda mrefu, ila muda ule mfupi ulikuwa mrefu. Alifungua kamba, akateremsha sanduku, akaliweka kando ya ukuta.

"Muzee, panda."

Mzee alipapasa ile mbao. "Mama Dancille, unapakia mimi sawa gunia la makala ya kupikia?"

"Gunia la makala halisemi, muzee. Panda."

"Na sanduku lako? Nimesikia umeshusha sanduku."

"Wale wamekwisha kufa. Wewe bado."

Mimi nilikuwa ninatoka upande wa Munigi, ambako moto ulipita kwanza, nimebeba godoro kichwani kwa sababu ndicho kitu mikono yangu ilichokamata. Katika ule umati, karibu na barabara ya mpaka, nilimuona mwanamke amejifunga kitenge kiunoni, anasukuma tshukudu yenye mzee mrefu aliyekunja miguu. Nilimjua kwa mgongo. Nilibaki nyuma yake hatua chache, ninaogopa kumpita na ninaogopa kumfikia. Gurudumu la mbele lilikwama kwenye shimo. Aligeuka kutafuta msaada, akaniona.

Hakuniuliza nilikuwa wapi miaka yote. Alisema, "Hilaire, shika huku. Sukuma."

Nilitupa godoro. Tulisukuma hadi bariere kubwa ya mpakani, mzee Mushagalusa akilalamika njia nzima juu ya mgongo wake, na tulipovuka mpaka nilianza kumwomba dada yangu msamaha. Alinikatiza, "Kwanza tafuta maji ya muzee." Msamaha wenyewe aliupokea siku tatu baadaye. Tulikuwa tumerudi na kusimama juu ya lava iliyokuwa bado na moto chini ya viatu, mahali penye nyumba yake ya Murara, na studio, na sanduku. Alilia siku ile, mara moja, kwa sauti. Nilimshika bega na nikasema niliyopaswa kusema tangu 1998. Alifuta uso, akasema, "Nimesikia. Sasa na Adalbert umwambie mwenyewe." Nilimwambia. Adalbert alinikumbatia kabla sijamaliza.

Familia ilihamia Majengo, na dada yangu akaanza upya. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Aliandika orodha ya majina aliyoyakumbuka, akazunguka nyumba kwa nyumba, wengine akiwafuata hadi Sake na Rutshuru, akiwaambia, "Nilipoteza mutu wenu. Munisaidie kumuandika tena." Kazi hiyo ilichukua miaka sita. Kati ya maisha mia nne na tisa, alirudisha mia tatu na mbili. Yale mia moja na saba yalimuuma hadi mwisho, lakini sikumsikia hata mara moja akijutia sanduku. Muzee Mushagalusa aliishi miaka saba mingine, akidai kila walipokutana kwamba asomwe angali hai ili arekebishe makosa. Alifariki 2009, na Jumamosi yake dada yangu alianza hivi: "Leo ninasoma mutu aliyenilaumu miaka saba kwamba nilimubeba vibaya."

Novemba 2012 waasi waliingia tena mjini. Jumamosi ile ile alikuwa kwenye kipaza sauti saa kumi. Kwa hesabu yangu, niliyoifanya mara mbili, hadi mwaka jana alikuwa amesoma maisha elfu moja mia tatu arobaini na nane.

Baba Adalbert alitutoka Jumamosi tarehe 8 Machi 2014, kwa ugonjwa wa moyo. Nitaeleza jambo hili kama dada yangu alivyoniagiza. Asubuhi ile mumewe alijisikia vibaya, naye akasita kwenda kazini. Adalbert alimwambia, "Nenda, familia ile inangoja. Mimi nitakusikiliza." Alikwenda. Katikati ya kipindi alimuona Élodie amesimama nyuma ya kioo cha studio, na alijua. Alisoma hadi neno la mwisho, dakika tisa nyingine, kisha akavua vifaa vya masikioni, akatoka.

Mei 2021, volkano ilipotutoa mjini tena, alikuwa na miaka sabini, na alitembea sehemu kubwa ya njia ya Sake kwa miguu. Tangu safari ile shinikizo la damu halikutulia. Tarehe 3 Novemba 2022 alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa kazi. Kwa mtu aliyeishi kwa sauti yake, tulidhani atakata tamaa. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kama za darasa la kwanza, na aliwarekebisha vijana wa redio kwa karatasi: HAPA UMEPAMBA. FUTA.

Mwezi wa saba aliniita akaniomba niandike wasifu huu. Nilimuuliza swali lake mwenyewe: "Dada, niandike kosa gani?" Nilitegemea atacheka, maana tulikuwa na makosa ya kutosha ya kuchagua: alikuwa mbishi, aliunguza maharage akisoma, hakusahau tarehe ya ugomvi wowote. Hakucheka. Alisema, neno kwa neno, "Andika. Siku Adalbert alikufa. Sikuwa pale."

Nilimwambia kwamba jirani aliyeketi na Adalbert alisema redio ilikuwa wazi kando ya kitanda, na kwamba shemeji yangu alikuwa anatabasamu. Alisema, "Najua. Andika tu." Nimeandika. Ila na mimi nina haki ya kuandika ushahidi wa jirani, na nimeuandika.

Alifariki Jumatatu tarehe 14 Agosti 2023, saa tatu ya asubuhi, nyumbani Majengo, Élodie akimshika mkono wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili na miezi mitano kamili.

Ameacha watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu kumi na mmoja, na vitukuu wawili. Mdogo wake huyu mmoja aliyebaki kati ya sita. Mashemeji wa Butembo, ambao wameketi leo upande wetu na sisi upande wao. Na Radio Mapatano yote.

Nilidhani orodha imekamilika hapo. Lakini jana, katika siku ya tatu ya matanga, uani palijaa watu ambao familia haiwajui, na Élodie alinituma niwaulize wametoka kwa nani ili tuwaandike. Kila mmoja alinitajia mfu wake: mimi ni wa yule jaji, sisi ni wa nahodha, mimi ni wa kocha. Nilifika kwa mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu na mlango, mtu wa Kibati, anayeuza makala, yaani mkaa. Alikuwa ameleta gunia zima la kupikia, mgongoni, kwa miguu. Nilimuuliza, "Mama, nani wenu alisomwa?"

"Hapana mutu," alisema.

"Basi mulijuana naye wapi?"

"Hatukujuana. Nilikuwa ninasikiliza tu. Kila Jumamosi ninashusha mizigo saa kumi, ninakaa." Alipangusa masizi mikononi. "Alisoma fundi wa tshukudu sawasawa na alivyosoma jaji. Mimi nikasema, ile redio na mimi iko yangu."

Nilimuomba jina. Alisema si lazima. Nilimwambia kwamba katika nyumba hii ni lazima, na kwamba marehemu angenikasirikia. Akanitajia. Kwa hiyo ninaongeza: ameacha pia Mama Nyirahabimana wa Kibati, muuza makala, msikilizaji wake.

Dada, Mungu akupokee na akupe usingizi mwema. Tumekuandika wewe, na hatukupamba.